Mkono Kiunoni mwa Aketch

Vidole vilikuwa vinne. Johari alikuwa ameviangalia tangu alfajiri, kwanza jikoni, kisha chooni mlango ukiwa umefungwa, na sasa ndani ya basi lililomchukua kituo cha treni kumpeleka kwenye bustani kubwa ya miti ya Washington. Vinne, kwenye picha ya simuni, vya mkono wa kushoto wa Riyadh, vimejikunja kwenye kiuno cha mwanamke mwingine. Kidole gumba hakikuonekana. Wala havikuwa juu ya sweta. Vilikuwa vimeingia chini yake, sweta jekundu limepanda ubavuni kama pazia lililoinuliwa na mtu asiyebisha hodi.

Nyuma yao zilisimama nguzo za mahekalu ya kale, ndani ya shimo pana katikati ya jiji la Roma, na juu ya shimo yakaonekana mabasi, maduka na watu wa leo wanaokwenda kazini. Paka amelala juu ya jiwe la miaka elfu mbili. Ingekuwa picha ya watu wengine, Johari angeisifu.

Haikuletwa na adui, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Iliwekwa Facebook kwa shukrani, na binti wa Mzee Ethan. Mzee Ethan alikuwa na miaka themanini na minne, mwalimu wa Kilatini aliyestaafu, anaishi Germantown kwenye kiti cha magurudumu, na haja yake iliyobaki duniani ilikuwa kuiona Roma mara moja tena. Riyadh alikuwa mhudumu wake, mwaka wa pili sasa: kumwogesha, kumvisha, kumsukuma. Binti akakata tiketi za watu wawili wa kumsindikiza baba yake, Riyadh wa kusukuma kiti na muuguzi wa kuangalia dawa. Riyadh alimwambia Johari kwamba kuna muuguzi. Hakumwambia kwamba muuguzi ana vishimo mashavuni.

Siku tisa walikaa huko.

Na Riyadh huyu huyu, mwaka mzima wa kujuana, hajawahi kumgusa Johari hata ncha ya kidole. Akimpa kikombe cha chai anakiweka mezani kwanza, ndipo Johari akichukue. "Nitakushika siku nitakapokuwa na haki," alimwambia mara moja, na Johari alilala na maneno yale wiki nzima kama mtu aliyelala na zawadi chini ya mto. Leo alijiuliza kama haki hiyo ilikuwa inangojwa kwa Johari peke yake.

Aliyeiona picha kwanza alikuwa Shangazi Fathiya, dada wa baba yake, aliyempokea Takoma Park miaka minne iliyopita akiwa na sanduku moja na cheti chake cha stashahada kutoka Tanga. Alhamisi jioni alimwita jikoni, akamkabidhi simu bila kumwangalia usoni.

"Soma mwenyewe. Kiingereza changu mimi ni cha kazini, nisije nikamsingizia mtoto wa watu."

Johari alisoma: shukrani kwa Riyadh na Aketch waliomfikisha baba Roma.

"Ukimaliza kusoma, tazama. Tazama mkono ulipo. Tazama alivyokilaza kichwa. Ameng'ang'ania shati la mwenzio kifuani utadhani kalinunua yeye. Hata kiatu kimemvuka kisiginoni, raha imemzidi mpaka kiatu hakimkai."

"Shangazi, huenda..."

"Huenda nini? Maliza."

Johari aliilaza simu mezani.

Shangazi Fathiya alivuta kiti, akakaa. "Mimi picha yangu ilitoka Dodoma. Nimeikuta mfukoni mwa koti la mume wangu nikitaka kulifua. Kamshika msichana hivi hivi. Nikamuuliza. Akanieleza, mwanangu, akanieleza kwa utulivu. Ni binamu yangu, tulikuwa harusini, akashikwa na kizunguzungu, nikamdaka asianguke. Alinieleza vizuri mpaka nikamwomba radhi kwa kumdhania. Mwezi wa nane binamu akabisha hodi na mtoto mgongoni, na mtoto ana masikio ya mume wangu."

"Riyadh si mume wako."

"Ndiyo nakwambia mapema, asije akawa. Nenda kamwone. Lakini ukinirudia hapa na maelezo mazuri, nitajua umeshaliwa. Wanajua kueleza hao. Na watu wa Mombasa ndiyo kabisa, anaweza kukueleza mvua ukaiona inapanda juu."

Barua ya posa ilikuwa kabatini wiki ya tatu. Jumapili, baada ya sala ya alasiri, Mzee Mwadini, ami yake Riyadh, angekuja na wenzake kutoka Woodbridge kuchukua jibu.

"Kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ndiyo," alisema Shangazi. "Mimi sitaki kimya. Nataka neno, litoke mdomoni mwako. Nyama ya mbuzi ipo kwenye friza. Jibu likiwa ndiyo, wageni watakula pilau. Likiwa hapana, watakunywa chai na kashata, tutawasindikiza mpaka mlangoni na heshima zao."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Leo Jumamosi, na nyama ilikuwa bado ngumu kama tofali.

*

Riyadh alikuwa amesimama mwanzo wa njia, chupa ya chai kwapani, kifuko cha mahamri mkononi. Alipomwona aliinua kifuko badala ya mkono. Johari alijikuta anataka kutabasamu, akaubana mdomo.

"Mbona kwa basi? Si nilikwambia nitakujia Takoma?"

"Nilitaka nijue njia ya kurudi peke yangu."

Riyadh alimtazama kidogo. "Umeamkaje leo?"

"Nimeamka na macho yangu mawili."

"Alhamdulillahi. Wengine twaamka na moja."

Johari hakucheka. Walipanda kilima polepole, njia imepakana na majani yaliyokatwa asubuhi ile, yeye mkono wa kulia, Riyadh mkono wa kushoto, na kati yao nafasi ya mtu wa tatu. Kwa mara ya kwanza Johari aliipa nafasi ile jina.

Nguzo zilitokea ghafla. Ishirini na mbili, nene, ndefu kuliko nyumba, vichwa vyao vimechongwa majani ya mawe, zimesimama wazi kwenye uwanda bila paa wala ukuta. Chini yao binti mmoja wa watu wa El Salvador alikuwa anapigwa picha za kutimiza miaka kumi na mitano, gauni la zambarau limeenea majanini, mama yake anamrekebisha taji. Watoto walikimbizana kutoka nguzo hii mpaka ile.

"Ndizo hizi," Riyadh alisema. "Zilikuwa zabeba jengo la Bunge hapa mjini. Wakajenga upya, wakazing'oa, miaka mingi zikalala tu. Kisha ndiyo zikaletwa hapa zisimame."

"Kwa hiyo ni magofu ya uongo."

"Si ya uongo. Ni ya juzi tu." Alitandika leso ya mezani kwenye jiwe, akafungua chupa. "Mzee Ethan ndiye aliyenambia. Tulikuwa kule Roma, kwenye shimo lao, machozi yamtoka. Akanambia, Riyadh, kule kwetu ziko nguzo kama hizi, ukirudi mpeleke mchumba wako akazione."

"Alisema hivyo? Mchumba wako?"

"Kama nilivyokwambia."

"Basi alijua unaye."

"Roma nzima ilijua. Niliwachosha."

"Na Aketch alijua?"

Chai haikumwagika, lakini mkono wa Riyadh ulisimama hewani, na mvuke ukaupita.

"Alijua pia."

"Hukuniambia jina lake. Uliniambia muuguzi."

"Ndiye muuguzi."

"Muuguzi ni kazi, Riyadh. Jina ni mtu."

Alitoa simu, akaiweka juu ya jiwe kando ya mahamri, picha ikiangalia juu. Alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alijiandaa acheke, aape, akasirike. Alijiandaa hata kwa kizunguzungu cha Dodoma. Hakujiandaa kuuona uso wa Riyadh ukififia rangi.

"Hii nani kaiweka?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Johari. Nani kaiweka?"

"Binti wa mzee wako. Kakutagi, kaiweka na jina lako, wewe hufungui Facebook mpaka Idi mpaka Idi. Ina siku tatu. Watu mia mbili wameipenda, mimi simo."

"Lazima itolewe."

"Kwa sababu nimeiona?"

"Si kwa sababu yako."

Riyadh hakuyasema kwa ubaya. Ndiyo maana yalimpiga vizuri zaidi. Johari alizikusanya pindo za koti lake refu, akakaza mkanda wake kiunoni kama mtu anayejizuia asimwagike.

"Nani aliipiga?"

"Mzee Ethan, kutoka kitini. Alidhani twapiga pozi."

"Na hamkuwa mnapiga pozi."

"La."

"Basi mlikuwa mnafanya nini?"

Riyadh alifungua mdomo. Johari aliona neno limefika kwenye meno, akaliona linarudi.

"Siwezi kukwambia."

Simu ya Riyadh ililia wakati ule ule, ikitetemeka juu ya jiwe kati ya vikombe viwili. Jina lilisomeka kutoka pande zote. Aketch.

"Pokea," Johari alisema. "Usimweke akingoja."

Riyadh aliichukua, akaenda nayo nyuma ya nguzo ya pili. Kama angekuwa mwanamke wa kuheshimu faragha, Johari angebaki na chai yake. Leo hakuwa mwanamke huyo. Alisogea mpaka nguzo ikawa kati yao, akaegemeza bega kwenye jiwe la baridi.

"La. La, sikiza," sauti ya Riyadh ilisema upande wa pili. "Nimeiona sasa hivi. Nitaishughulikia. Sijamwambia. Wala sitamwambia, nimekuapia. Tulia. Tulia, mama, vuta pumzi."

Johari alifumba macho. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ile ya siku alipofeli mtihani wa udereva mara ya tatu, akampigia analia kutoka maegeshoni: tulia, vuta pumzi. Alikuwa ameihifadhi kwa hesabu kwamba duniani iko moja na ni yake. Kumbe ilikuwa ya kugawiwa, kama mahamri.

Riyadh alipotokea, alimkuta amesimama pale pale, hakujificha.

"Umesikia."

"Nimesikia. Kuna jambo la kuniambia, na umeapa kutoniambia. Umeapa kwa nani?"

"Kwa Mungu, mbele ya Aketch."

"Kesho wazee wako wanakuja. Mimi ndiye nitakayeulizwa, si Aketch. Nikasemeje? Kwamba nimeposwa na nusu ya mtu, nusu ya pili iko kwenye amana?"

"Sema lililo moyoni mwako."

"Moyoni mwangu kuna vidole vinne."

Riyadh aliusugua uso kwa viganja. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya watu wanaoinua wengine, na leo mabega yale yalionekana hayajui yawekwe wapi. "Johari. Leo nikivunja la Aketch ili nikupate, kesho nitavunja lako nimpate nani? Mimi sina elimu yako ya maneno. Nina neno moja tu, na hilo nimeshampa mtu."

Mtu mwingine angelisikia lile kama lilivyosemwa. Johari alisikia kwamba kuna mizani, yeye yuko upande huu, Aketch upande ule, na mizani inalalia kule. Wivu ni mtafsiri mbaya, lakini una sauti kubwa.

"Nishike," alisema.

"Nini?"

"Kama pale. Kama ulivyomshika." Alienda akasimama mbele ya nguzo, akageuka. "Nguzo hizo. Magofu hayo. Mimi huyu. Nishike vilevile, usizidishe, usipunguze."

"Si hivi, Johari. Si kwa hasira. Nilikwambia siku nitakapokuwa na haki."

"Na kwake ulikuwa na haki gani?"

Johari hakungoja jibu.

"Mbele ya Roma nzima na paka wake. Mimi hapa niko mbele ya nani? Mbele ya mtoto wa watu mwenye taji?" Sauti ilimpasuka, akaimeza. "Usiponishika, kesho wazee wako watakunywa chai na kashata. Umenielewa?"

Riyadh alielewa. Mtu wa pwani haelezwi maana ya kashata.

Alifuta viganja kwenye suruali. Kisha alisema, kwa sauti ya chini sana, "Vilevile?"

"Vilevile."

Alikuja kumzunguka kwa nyuma kidogo, akasimama upande wake wa kulia. Johari aliangalia mbele, kwenye gauni la zambarau. Mwaka mzima alikuwa ameuwaza mkono huu. Ameuwaza ukitua juu, mwepesi, kama jani. Hakuwa ameuwaza hivi, kwa amri, kwa uchungu, juu ya koti la mitumba.

Mkono haukutua juu.

Ulikuja kutoka chini. Kiganja kikiangalia juu, vidole vinne vikaingia ndani ya mkanda wa koti kutoka upande wa chini, vikakunjika, vifundo vikaegemea mfupa wa nyonga, na mkanda wote ukakaza. Papo hapo mguu wa Riyadh ukasogea, kiatu chake kikaziba ncha ya kiatu cha Johari ili kisiteleze mbele. Goti lake likakaa tayari pembeni ya goti lake. Kwa kinywa kilichozoea, bila mwenyewe kujua, akahesabu kwa pumzi.

"Moja, mbili..."

Johari aliganda.

Hakuna mpenzi anayehesabu.

Johari mwenyewe alihesabu hivyo kila siku ya kazi katika nyumba ya wazee, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kitanda baada ya kitanda. Siku ya kwanza ya mafunzo walimfundisha: usimshike mgonjwa kwapani, utamtegua bega, usiushike mkanda kutoka juu, mkono utaponyoka, ingiza vidole kutoka chini, kiganja juu, kanyagia kiatu chake, kinga goti lake, hesabu, inua. Mkanda wa kuinulia ukikosekana, shika wa suruali. Na wa suruali unakuwa chini ya sweta.

Ndiyo maana vidole vilikuwa chini ya sweta.

"Niachie," alisema polepole.

Riyadh alimwachia kama wanavyoachia watu wa kazi yao: kwanza alihakikisha amesimama.

Johari alirudi kwenye jiwe, akachukua simu, akaikuza picha, safari hii si kwenye vidole. Alikwenda kwenye uso. Vishimo vilikuwepo, tabasamu lilikuwepo, lakini alilijua tabasamu lile. Ni lile la Bibi Wamaitha wa chumba cha tisa, anaposema niko sawa, binti yangu, niko sawa, huku kucha zake zimezama kwenye mkono wako. Macho ya Aketch hayakuwa kwa Riyadh. Yalikuwa yanaangalia chini, kwenye miguu yake mwenyewe, kama mtu anayeangalia watoto wasiomtii. Na kiatu kilichovuka kisiginoni hakikuvuliwa na raha. Ni mguu uliokuwa umeburutwa.

Kizunguzungu cha Dodoma. Kilekile alichodanganywa nacho Shangazi, hapa kilikuwa kweli. Riyadh angekisema kwa mdomo, Johari asingekiamini hata kwa msahafu.

Akamkumbuka Honorata, mwenzake wa shifti ya asubuhi, aliyemwambia msimamizi wao kwamba mkono wake wa kulia unakufa ganzi. Hawakumfukuza. Walimpa pole nyingi. Kisha wiki iliyofuata jina lake halikuwemo kwenye ratiba, wala iliyofuata, mpaka mwenyewe akaacha kulitafuta. Na Honorata alikuwa wa kuogesha tu. Je, muuguzi wa sindano na vipimo, mwenye kuingia nyumba za watu akiwa peke yake?

"Riyadh."

"Naam."

"Nataka kusema kitu. Miguu ya..." Alinyamaza. "Hapana. Sisemi. Nikisema na wewe ukanyamaza, utakuwa umenijibu."

Riyadh aliketi chini majanini ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, akayageuzia kwenye nguzo.

"Ulikusudia? Kunishika hivyo?"

"Wewe umesema vilevile," alisema baadaye. "Nisingeweza kukushika kwa uongo. Tena mara ya kwanza."

Binti wa zambarau alipita karibu yao na msafara wake, gauni likifagia majani. Johari alimimina chai iliyopoa, akaiweka juu ya jiwe, akaondoa mkono. Riyadh akaichukua.

"Ana mume?" Johari aliuliza.

"Yuko Kisumu. Angoja viza."

"Angoja mpaka lini?"

"Johari."

"Nimeuliza tu. Ulimshika mara ngapi huko?"

"Hilo nalo ni lake."

Johari alisaga meno. Alikuwa ametegemea kwamba akishajua, wivu utaondoka kama homa inavyoondoka kwa jasho. Haukuondoka. Ulikuwa umevaa nguo nyingine tu. Zamani alimwonea Aketch wivu wa mapenzi. Sasa alimwonea wivu wa kuaminiwa, wa kuwa na mtu wa kumwegemea mji wa ugenini na mtu huyo asiseme. Bora wivu huu, angalau ulikuwa na aibu.

"Sawa. Yeye ana hesabu yake, mimi nina yangu. Mimi ni mara moja, tena kwa kukulazimisha."

"Wazee wangu waje kesho," Riyadh alisema, na tabasamu la kwanza la siku ile likamponyoka upande mmoja, "hutanilazimisha tena."

Johari alijishughulisha na mahamri ili asionekane uso. Alimeza, akapangusa vidole. "Picha. Umesema lazima itolewe."

"Sijui nimwambie nini yule binti. Nikimwambia itoe, atauliza kwa nini. Na mwenye kuuliza atatazama tena."

"Mwambie mchumba wako ana wivu."

Riyadh aligeuka.

"Mwambie nimeiona, nimewaka, nimetishia kuvunja uchumba. Hatakuuliza zaidi. Wivu kila mtu anauelewa, hakuna anayeuchunguza."

"Watakucheka, Johari. Atamwambia Mzee, Mzee atamwambia kila mtu. Watu wa msikitini watajua. Utaitwa mwanamke wa roho mbaya kabla hujaolewa."

"Waniite. Si uongo." Alimsogezea simu. "Piga sasa, kabla sijapoa."

Riyadh alipiga. Johari alimsikiliza akieleza kwa Kiingereza chake cha taratibu, akiomba radhi, akimtaja mchumba wake mkali, na upande wa pili mwanamke akicheka kwa wema na kusema anaelewa kabisa. Dakika haikuisha, picha haikuwepo tena. Nguzo, paka, vidole vinne, vyote vilitoweka.

*

Shangazi Fathiya alikuwa anachambua mchele mezani, sinia mbele yake. Ulikuwa mchele wa Jumapili yoyote, hausemi ndiyo wala hapana.

"Naona imefutwa," alisema kabla Johari hajavua viatu. "Nimeingia kuiangalia saa tisa, haipo. Mwizi kafuta nyayo."

"Nimeiondosha mimi. Nilimwambia Riyadh apige simu itolewe."

"Kwa nini?"

"Wivu."

Shangazi aliinua macho, akayashusha kwenye mchele. Alitoa punje moja ya chuya, akaiweka kando. "Na yeye? Amekueleza?"

Johari alisimama katikati ya jiko na koti lake. Mkanda ulikuwa bado umekaza mahali ulipokazwa, hakuugusa njia nzima, si ndani ya gari la Riyadh, si kwenye ngazi.

"Hakunieleza kitu, Shangazi."

"Kitu gani?"

"Kitu chochote. Nimemuuliza, nimemlazimisha, nimemtishia. Nimemwambia kesho atakunywa chai na kashata. Amekubali kuinywa. Hakunieleza."

Mikono ya Shangazi ilitulia juu ya sinia.

"Mume wako alikueleza vizuri sana," Johari alisema, kwa upole wote aliokuwa nao. "Wangu hakunieleza. Jibu langu ni ndiyo. Umelitaka kwa mdomo, hilo hapo."

Shangazi Fathiya aliangalia mchele, midomo ikitembea bila sauti, kana kwamba anapitia mazungumzo ya miaka mingi iliyopita, anatafuta mahali ambapo mtu mmoja alipaswa kunyamaza. Kisha alilisukuma sinia pembeni, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Hiyo nyama," alisema, bila kumwangalia, "itoe kwenye friza iyayuke."